Mizani ya Mjomba

Mweze, weka hicho kidude chako mezani, taratibu.
Hapa Kadutu mvua ikinyesha matope huingia bila hodi,
na meza ninayo moja.

Najua unachotaka. Unataka mvuke mnene
wa kuwapulizia wenzako usoni kule Nguba jioni,
ukizungusha kitufe: volti tatu, nne, nne na nusu,
kama mtu anayeongeza chumvi kabla ya kuonja.
Sawa. Mapafu ni yako, siyahubirii.
Lakini betri zipite mikononi mwangu kwanza.

Hii uliyonunua kwa mtembezi,
yenye nguo nyekundu na maandishi ya dhahabu,
inajisifu ina elfu tisa na mia tisa.
Tuione.
Mizani hii ilikuwa ya mjomba Nshokano,
alipimia dhahabu ya Kamituga
mpaka siku macho yalipomkataa.
Betri ya kweli ya kimo hiki ina gramu arobaini na tano, hivi.
Yako: ishirini na sita.
Ndani wametia nini, sijui. Wengine hutia unga.
Dhahabu haijui kudanganya, mjomba alikuwa akisema,
kinachodanganya ni kidole kwenye sahani.
Basi betri yako imesomeshwa na kidole.

Tena kitufe hakiumbi nguvu, kinaiomba tu.
Ukipandisha volti, ule waya mdogo unashikwa na kiu,
unavuta ampea kumi, kumi na tano,
na betri isiyoweza kutoa
haisemi "sina".
Inapata joto.
Ndiyo lugha yake yote.

Kidude chako kinakula mbili, kwa hiyo tunafunga ndoa.
Kiwanda kimoja, mwezi mmoja wa kuzaliwa,
zichajiwe pamoja, zichoke pamoja.
Mita inasoma hii nne nukta moja nane, na ile vilevile.
Si hii mpya na ile niliyoichomoa
kwenye kompyuta iliyofia parokiani.
Ukizichanganya, yenye nguvu humsukuma mnyonge
mpaka avuke sifuri, aende upande wa pili,
na mnyonge ndiye atakayechoma godoro.
Usicheke.

Ulicheka.
Ukasema dola sita ni nyingi, moja bado nzima,
ukasema, Yaya Cibalonza, wewe unauza betri au unaozesha?
Mwishowe ulilipa, ukinung'unika,
na ile ya tatu ukaiomba iwe ya akiba.
Nikakupa. Nzuri, nzito, ngozi haijachanika hata kwa ukucha.

Alhamisi ukarudi, hukuketi.
Suruali ina tundu la ukubwa wa kisahani cha chai,
kingo nyeusi, ndani bandeji ya njano,
na wewe unanuka dawa na nailoni.
Kidude kizima. Ndoa nzima.
Ni ile ya akiba, mfukoni,
na ufunguo wa pikipiki umelala juu yake kama ulimi.

Ufunguo.
Nilikuambia gramu, nikakuambia ampea,
nikakuambia hadi habari za mjomba wangu,
mfuko sikukuambia.
Nilikuwa nimenogewa na sauti yangu.

Hukunilaumu. Ungenilaumu ningepata pa kushika.
Ulisema tu, "Kumbe na hilo,"
kama mwanafunzi aliyepitwa na somo moja,
nami nikatafuta chini ya meza, nikatafuta muda mrefu,
nikakupa kisanduku cha sabuni chenye kifuniko,
na sikuchukua pesa.

Saa moja umeme ukakatika mtaa mzima.
Kwenye droo ninayo betri moja, mwenzake alikufa Januari.
Haiwezi tena kuozwa, haina wa rika lake.
Niliipima: tatu nukta tisa.
Nikaitia kwenye tochi ndogo inayokula moja,
nikafunika mizani,
nikashuka na mteremko, ufunguo wa duka mkono wa kushoto,
mwanga mkono wa kulia,
mbalimbali.